Muundo Haudanganyi: Kantri, Kapkatet na Gitaa la Isipingo

Muziki wa kantri wa Marekani una picha yake: kofia pana, buti, farasi, mwanamume mweupe na gitaa. Picha hiyo imefika mpaka kwetu. Nchini Kenya nyimbo za Jim Reeves na Don Williams zimechezwa redioni na kwenye baa kwa miongo mingi, na wapo wazee wanaoziimba kwa moyo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini picha si muziki. Mtu akitaka kujua wimbo umetoka wapi, mavazi ya mwimbaji hayatamsaidia, na rangi ya ngozi yake itampoteza kabisa. Autazame wimbo ulivyojengwa. Ubeti una mishororo mingapi? Nani anamjibu nani? Sauti inaacha maneno wapi, na maneno yakiisha ala inafanya nini?

Hapa nausoma muundo huo mahali patatu: kwenye sahani za Jimmie Rodgers za miaka ya 1920, kwenye wimbo wa wasichana wa Kapkatet nchini Kenya, na kwenye gitaa la maskandi linalosikika Isipingo, kusini mwa Durban. Nashikilia kwamba muundo wa wimbo hutunza nasaba ambayo wauzaji na watawala waliifuta. Nashikilia pia kwamba si kila mfanano ni undugu, na mhakiki asiyetenganisha mawili hayo huishia kuwapa wageni sifa za wenyeji.

Tuanze na Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897 Meridian, jimbo la Mississippi, akafanya kazi ya breki kwenye treni hadi kifua kikuu kilipomtoa relini. Agosti 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, na Ralph Peer wa kampuni ya Victor, siku chache tu baada ya Peer kuirekodi familia ya Carter mjini humohumo. Novemba mwaka huo, huko Camden, New Jersey, akaimba "Blue Yodel", wimbo uliomfanya nyota na kuanzisha mfululizo mzima wenye jina hilo.

Ukiufungua wimbo huo unakuta ubeti wa mishororo mitatu. Wa kwanza unatoa kauli, wa pili unairudia, wa tatu unaijibu au kuipindua. Msomaji wa mashairi yetu ataiita tathlitha bila kusita, ingawa mizani hapa haihesabiwi kwa ukali wetu. Maneno ya kila mshororo hayaijazi nafasi yote iliyotengwa. Yanakatika njiani, na gitaa linaingia kwa nyuzi za besi kujaza kilichobaki. Kwa hiyo ndani ya ubeti mmoja kuna mazungumzo matatu kati ya mdomo na vidole. Halafu, baada ya mshororo wa tatu, Rodgers anaacha maneno kabisa. Sauti inaruka kutoka kifuani kwenda kichwani, nene kwa nyembamba, inarudi, inaruka tena. Hiyo ndiyo yodeli. Kimuundo ni kibwagizo: inarudi mwisho wa kila ubeti, inafunga ubeti na kuufungulia unaofuata. Tofauti na kibwagizo cha shairi letu, hiki hakina neno hata moja, na kwa sababu hiyo mtu asiyejua Kiingereza anaweza kukipokea chote bila kupungukiwa. Tuikumbuke nukta hii.

Sasa tuulize kila kiungo kimetoka wapi. Ubeti wa mishororo mitatu ni wa blues, mali ya Waafrika wa kusini mwa Marekani, na mtindo wa ala kujibu sauti ni wao pia. Hata beti zenyewe hazisimulii kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama zifanyavyo tenzi za mapenzi na mauaji zilizoletwa na walowezi kutoka Uingereza na Ireland. Ni beti huru, zinazookotwa kutoka kwenye hazina ya pamoja na kupangwa upya kila mara. Yodeli ni ya milima ya Alps. Vikundi vya waimbaji kutoka Tirol vilizunguka Marekani katika karne ya 19, na maonyesho ya jukwaani ya Wazungu waliojipaka masizi usoni yakaidaka. Gitaa la kuteleza linalosikika kwenye baadhi ya sahani zake lilitoka Hawaii, na baadhi ya wapigaji aliorekodi nao walikuwa Wahawaii wenyewe. Mwaka 1930, mjini Los Angeles, Rodgers alirekodi "Blue Yodel No. 9" akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin kwenye piano. Sikiliza tarumbeta inapoingia: ni palepale maneno yanapokatika, mahali ambapo siku zote palikuwa pa gitaa. Armstrong hakuhitaji kuelekezwa, kwa sababu nafasi ile ilikuwa ya kwao tangu mwanzo.

Ala na mikono inasema hayohayo. Banjo, ambayo wengi huiona kuwa alama ya milima ya Wazungu, ilijengwa Marekani na watumwa kwa kumbukumbu ya ala za Afrika Magharibi. Akonting ya Wajola wa Senegambia bado ina ule uzi mfupi unaopigwa kwa kidole gumba bila kubadilishwa sauti, na mkono unaupiga kwa kushuka chini na kucha, sawasawa na mtindo wa zamani wa banjo. A. P. Carter alipozunguka kukusanya nyimbo za familia yake, alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyeshika sauti wakati Carter akiandika maneno. DeFord Bailey, Mweusi mpuliza kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville.

Ni nani basi aliyewatenganisha? Walikuwa wafanyabiashara wa sahani. Katika miaka ya 1920 kampuni, Peer mwenyewe akiwa mstari wa mbele, ziliweka orodha mbili za mauzo: moja ya muziki wa Weusi, nyingine ya muziki wa Wazungu wa shamba. Wanamuziki waliokuwa wakifundishana vibarazani walijikuta kwenye rafu mbili tofauti. Miaka ikapita, watu wakadhani rafu zile ni ukweli wa historia.

Sahani za Rodgers zilivuka bahari zikafika Afrika kusini na mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akakuta jina la Jimmie Rodgers limekwisha kugeuka kuwa Chemirocha. Alirekodi nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Inayojulikana zaidi ni ile ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, pamoja na kinubi cha chepkong. Katika wimbo huo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu, nusu swala, na wasichana wanamhimiza aruke na kucheza kwa nguvu zake zote.

Wengi wameupenda wimbo huo kwa ajabu ya kisa chake. Muundo wake unastahili kupendwa zaidi. Hakuna yodeli. Hakuna ubeti wa mishororo mitatu. Hakuna gitaa, wala mpangilio wa sauti wa kantri unaoondoka nyumbani, ukapanda, kisha ukarudi. Kinubi kinashika kifungu kifupi na kukirudia bila kuchoka. Kiongozi anatoa mstari, wenzake wanaupokea kwa sauti nyepesi inayoteremka, na mzunguko unaanza upya. Wimbo ni wa Kikipsigis mwanzo hadi mwisho. Rodgers ameingia kama mhusika tu, mgeni mwenye sauti ya ajabu aliyealikwa kwenye ngoma ya wenyeji na kutakiwa aicheze kwa masharti yao.

Kwa hiyo anayesema kwamba Chemirocha ni ushahidi wa kantri kuathiri muziki wa Wakipsigis amekosea kwa muundo, hata kama amepatia kwa jina. Kilichotokea ni kinyume: umbo la Kikipsigis lilimmeza Rodgers mzimamzima na halikubadilika hata kidogo. Mwaka 2015 rekodi zile zilirudishwa Kapkatet kutoka maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na wazee wakausikia tena wimbo wa ujana wao. Walichorudishiwa kilikuwa chao, si mabaki ya Mississippi.

Tracey huyohuyo anatupeleka Durban. Kabla ya kuzunguka Afrika Mashariki na chombo chake cha kurekodia, aliongoza studio za redio ya taifa mjini Durban hadi mwaka 1947. Huko Rodgers alikuwa amepokewa kwa namna nyingine kabisa. Katika miaka ya 1930 waimbaji wa Kizulu walirekodi sahani zenye gitaa na yodeli waziwazi. Mmoja wao ni William Mseleku, kiongozi wa kundi lililobeba jina la Amanzimtoti, mji wa pwani ulio kusini kidogo ya Isipingo. Maneno ni ya Kizulu, lakini sauti inapoacha maneno na kuruka kichwani, ni kibwagizo cha Rodgers hasa, kimekaa mahali pake hasa, mwisho wa ubeti. Kile kisichokuwa na neno ndicho kilichosafiri bila kuhitaji mkalimani. Hapa kuna nasaba ya kweli, na haina haja ya kufichwa. Wala Natal, jimbo la Durban, haikuwa ngeni kwa sauti za Marekani: tangu 1890 waimbaji Weusi wa Orpheus McAdoo kutoka Virginia walikuwa wamezuru Afrika Kusini na kuacha alama kubwa kwenye uimbaji wa kwaya.

Isipingo yenyewe iko kwenye ukanda ambako treni, viwanda na makazi ya wafanyakazi vimebanana. Upande wa bara kuna Umlazi. Upande wa pwani kuna viwanda vya Prospecton. Mashamba ya miwa ya zamani yalileta vibarua wa Kihindi, na hekalu la Mariamman la Isipingo bado hujaa mahujaji kila Pasaka. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ilipotekelezwa, Isipingo ilitengwa kuwa ya Wahindi na Umlazi ikajengwa kwa ajili ya Waafrika. Redio nayo ikagawanywa kwa lugha na kabila. Kilichofanywa na orodha za mauzo huko Marekani, hapa kilifanywa kwa sheria na tingatinga. Lakini stendi ya teksi haina ukuta, na muziki wa barabarani ni wa yeyote mwenye masikio. Kwenye njia hizo, gqom ya vijana na kwaya za kidini zinapigania nafasi na maskandi, muziki wa gitaa wa wafanyakazi wa Kizulu waliotoka vijijini.

Maskandi huitwa mara nyingi kantri ya Kizulu, au blues ya Kizulu. Tuupime wimbo wenyewe, kiungo kwa kiungo.

Unafunguliwa na izihlabo: gitaa peke yake, mbio za noti zisizofuata mapigo, zinazotambulisha uzi mmoja baada ya mwingine na kuuonyesha ustadi wa mpigaji kabla hajafungua mdomo. Kantri ya mwanzo haina kitu cha namna hii. Utangulizi wake ni mfupi, wa kutia sauti na mapigo kwa ajili ya ubeti. Izihlabo inajitegemea. Msikilizaji aliyezoea maskandi anaweza kumtambua mpigaji hapo hapo, kabla ya jina kutajwa.

Kisha unaanza mzunguko. Kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinapiga sauti ya juu, na kila upande una mwendo wake. John Bhengu, aliyejulikana kama Phuzushukela, mzaliwa wa Nkandla aliyejijengea jina kwenye mitaa ya Durban, ndiye aliyeupa upigaji huu wa kudonoa nyuzi heshima yake, badala ya kuzikwangua zote pamoja. Anayemsikiliza Maybelle wa familia ya Carter akipiga wimbo kwa gumba kwenye nyuzi za besi atahisi amekutana na ndugu. Tuangalie vizuri. Gitaa la Kizulu mara nyingi hulegezwa uzi wa kwanza kwa hatua moja, kutoka E hadi D, ili nyuzi zikubali mpangilio wa sauti wa wenyeji. Na sauti hizo hazitembei kwa kord tatu za kantri. Zinapishana kati ya misingi miwili iliyo jirani, kama ule upinde wa kibuyu, umakhweyane, uliopigwa na wanawake wa Kizulu muda mrefu kabla ya gitaa kufika. Hapa hakuna kuondoka nyumbani na kurudi. Mzunguko unajizungusha wenyewe, na mtu anaweza kuupiga akiwa anatembea njia nzima. Rodgers aliimba kwa mwendo wa treni. Maskandi ilikua kwenye mwendo wa miguu, wa mtu atokaye kijijini kwenda mjini kutafuta kazi.

Halafu inakuja sehemu ninayoiona kuwa moyo wa umbo hili. Kuimba kunakoma. Gitaa linaendelea na mzunguko uleule, bila kupunguza wala kuongeza, na juu yake mwanamuziki anaanza kusema, kwa kasi, sauti ikiwa imeshuka, maneno yakisukumana hadi pumzi inakaribia kukatika. Anataja jina lake, la baba yake, chifu wake, mto wa kwao, mlima wa kwao, na wapinzani aliowashinda. Hizi ni izibongo. Kasi ya maneno na utulivu wa gitaa vinavutana, na mvutano huo ndio unaompa msikilizaji msisimko. Albamu ya Shiyani Ngcobo ya mwaka 2004 inaonyesha jambo hili kwa uwazi wa kufundishia. Ngcobo, mzaliwa wa Umzinto kwenye pwani hiyohiyo ya kusini, hakuzika gitaa lake chini ya ngoma za umeme, kwa hiyo kila mshono unasikika.

Marekani nako kuna mtindo wa kuongea juu ya gitaa. Chris Bouchillon alirekodi "Talking Blues" mwaka 1926. Je, izibongo zimetoka huko? La hasha. Umbo la kunena sifa kwa kasi ni la kale miongoni mwa Wazulu, kuanzia kwenye baraza za wafalme hadi kwa kijana mchunga ng'ombe. Msomaji wetu hahitaji kwenda mbali kulitambua. Ni majigambo, vivugo tunavyovisoma kwenye fasihi simulizi. Mhaya wa Kagera aliyesimama mbele ya mkama na mkuki wake, akajitaja yeye na matendo yake, angeuelewa mara moja mpangilio wa izibongo, hata kama hajui Kizulu. Mfanano na Bouchillon ni mfanano tu. Undugu uko huku.

Hata gitaa lenyewe halikutembea upande mmoja. Kampuni ya sahani ya Gallo ilitengeneza magitaa ya bei nafuu Durban, na ni bei hiyo iliyomwezesha kibarua kununua ala. Gitaa moja la aina hiyo, Gallotone Champion, lilivuka bahari likaangukia mikononi mwa kijana wa Liverpool, John Lennon, aliyelipiga kwenye sherehe ya Woolton tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Wakati huohuo lebo ya Gallotone, ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa ikiuza sahani za mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Tracey Jadotville, Katanga, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili huku gumba na kidole cha shahada vikifanya kazi ya wapigaji wawili. Mwenda naye amebandikwa vyeo vya kuazima, blues na kantri. Gitaa lake linastahili kusomwa kwa mizani ileile tuliyoitumia hapa.

Tumepata nini basi? Njia tatu za umbo kusafiri. Kapkatet ilichukua jina na kukataa umbo. Mseleku alichukua kibwagizo na kukivika Kizulu. Maskandi ilichukua ala, ikailegeza uzi, ikaifundisha kusema lugha ya upinde na majigambo. Na Rodgers mwenyewe, anayewekwa mwanzoni mwa safari hii kama chemchemi, alikuwa amekwisha kuchota kwa Waafrika wa Mississippi, kwa Watirol na kwa Wahawaii. Wanaotafuta kantri safi isiyochanganyika hawataipata, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Wanaoiita maskandi kantri ya Kizulu wanaipunguzia thamani bila kujua: wameona gitaa, hawakusikia izihlabo, wala hawakujua izibongo ni za nani.

Kosa hilo lina gharama. Mwanafunzi akiambiwa kwamba gitaa la Katanga, la magharibi mwa Kenya au la Natal ni nakala ya Marekani, hatauliza tena limejengwaje, na maarifa ya watu walioliunda yatazikwa pamoja nao. Tunavyo vifaa vya kuzuia hasara hiyo. Ushairi wa Kiswahili umetupa istilahi za kupima ubeti, mshororo, kibwagizo na kipokeo, na fasihi simulizi imetupa majigambo. Walimu wetu wazipeleke istilahi hizo kwenye muziki wa gitaa darasani, na watangazaji wa vipindi vya zilizopendwa wawaeleze wasikilizaji wimbo umeundwaje kabla ya kuwaambia unafanana na nini.

Wewe msomaji, utakapoisikia tena sahani ya Jimmie Rodgers au wimbo wa maskandi, subiri mahali maneno yanapokwisha. Sikiliza nani anaingia hapo.